Karatasi Mbili Mfukoni

Fundi Karekezi wa Kihanga alijulikana kwa kuta zilizonyooka. Ukimpa nyumba ya kupandisha, alifumba jicho moja, akachungulia kwenye uzi, akaligonga tofali mara moja tu kwa kitako cha mwiko, nalo likakaa. Wenye nyumba walimpenda kwa mengine pia. Hakuwa mlevi, hakuwa mwizi wa simenti, na kila Jumapili alionekana kanisani na mkewe Anonciata, watoto wao watatu wametangulia mbele. Alikuwa na miaka thelathini na tisa. Babu yake alivuka kutoka Rwanda na ng'ombe wanne, na tangu hapo ukoo wao ulilima, ukajenga, ukaoa na kuzika hukuhuku Karagwe, mpaka watu wakachoka kuwauliza walikotoka.

Mwishoni mwa Septemba aliitwa Rubwera, upande wa Kyerwa, kujenga nyumba ya mtumishi mmoja wa wilaya. Ilikuwa kazi ya wiki tano. Akaenda na fundi mwenzake, Placidius, wakapanga chumba nyuma ya duka la mabati. Anonciata alibaki nyumbani na mimba changa iliyomtapisha kila asubuhi. Katikati ya Oktoba alipiga simu kusema ameanza kliniki.

"Wamenipima kila kitu, baba Mucyo. Damu yangu safi, wameandika kwenye kadi. Ila nesi anasema na wewe unatakiwa."

"Nikirudi nitakwenda," Karekezi alimjibu, simu kaibana begani, mikono imejaa udongo.

Chakula walikula kwa Kokuhirwa, mwanamke wa Kihaya kutoka Muleba aliyekuwa na mgahawa wa mabati karibu na stendi. Alipika ndizi na maharage, na siku za soko akaongeza dagaa. Alikuwa mjane wa miaka thelathini na kitu, mwenye sauti nzito na maneno machache, na aliwaita wateja wote "waitu" kwa heshima ya kwao, hata walevi. Karekezi alimzoea kama mtu anavyomzoea yule anayemlisha. Kwa wiki tano hapakuwa na zaidi ya hapo.

Siku ya mwisho, Ijumaa, walimaliza kupiga plasta kabla ya saa sita mchana. Mwenye nyumba alifurahi, akaleta dumu la rubisi, ile pombe ya ndizi, na baada ya dumu zikaja chupa mbili za pombe kali. Placidius alikunywa kidogo akaondoka kuwahi gari. Karekezi, ambaye pombe hakuizoea, alibaki akisifiwa, na kila sifa ilikuja na kikombe. Alipoinuka, mvua ya vuli ilikuwa imeshuka kwa kishindo. Akakimbilia mgahawani kwa Kokuhirwa akiwa ameloa mpaka ndani ya buti.

Wateja hawakuwepo. Kokuhirwa alimwambia apite chumbani kwake nyuma, avue shati lianikwe karibu na jiko. Wakakaa wakizungumza. Mvua ilipiga juu ya bati hivi kwamba ilibidi wasogeleane ili wasikilizane, na kutoka hapo, kila mmoja kwa upweke wake, wakasogeleana zaidi. Kokuhirwa alinyoosha mkono juu ya kabati, akashusha kipakiti cha kondomu, akamwekea kiganjani. Karekezi akakisukuma pembeni.

"Mimi si mtu wa kuhangaika," alisema. "Na wewe nakuamini."

Kokuhirwa alimtazama kwa muda kama mwenye neno. Kisha akakirudisha kipakiti juu ya kabati.

Mvua ilikatika saa kumi na moja. Karekezi akitafuta shati lake, pombe ikianza kumtoka kichwani, aliona nyuma ya kioo kopo jeupe la plastiki lililobanduliwa karatasi yake. Alilitambua papo hapo. Shangazi yake alikuwa na kopo kama hilo la vidonge, akilificha ndani ya pipa la unga, na nyumba nzima ilijifanya hailijui. Hakuuliza. Alivaa shati bichi, akaaga bila kumtazama mwanamke usoni, akatoka.

Njia nzima ya kurudi Kihanga, akiwa amebanwa nyuma ya bodaboda na begi la zana mgongoni, alifikiria kopo lile. Yeye alikuwa mtoto wakati ugonjwa ule ulipozifagia nyumba za Kagera. Aliwaona kaka zake wawili wakibebwa, wepesi kama mafungu ya majani makavu ya migomba. Siku hizi watu walimeza vidonge na kuzeeka, hilo alilijua. Lakini hofu aliyoipata utotoni haikuwa imepata habari hizo.

Anonciata alimpokea na maji ya moto ya kuoga na sahani ya ndizi. Usiku ule Karekezi alitandika mkeka sebuleni.

"Mgongo," alisema. "Kule tulilala sakafuni. Kitanda kitaniumiza."

"Pole," mkewe akasema, akamletea blanketi.

Siku ya tisa, akiwa juu ya jukwaa la kazi Bugene, redio ya mwenye nyumba ilikuwa ikimhoji daktari. Daktari alieleza kwamba mtu aliyejihatarisha anaweza kwenda kituo cha afya akapewa dawa za kuzuia virusi, azimeze siku ishirini na nane, mradi awahi kabla ya saa sabini na mbili kwisha. Karekezi alisimama na mwiko mkononi mpaka simenti ikamkaukia juu yake. Siku tatu. Siku zile tatu yeye alizitumia kupalilia maharage na kumkwepa mkewe. Aliporudi nyumbani alimfokea Mucyo, mwanawe wa kwanza, kwa kosa la kumwaga maji, naye hajawahi kumfokea kwa jambo kama hilo.

Tangu hapo akawa mlinzi wa mwili wake mwenyewe. Akikohoa, alihesabu amekohoa mara ngapi. Mkanda ukilegea, aliamini amekonda. Alijichunguza shingo, kwapa, ulimi, kwa kioo kidogo cha kunyolea, nyuma ya choo. Katika wiki ya tatu aliona kidonda kimoja sehemu za siri, kidogo, kigumu pembezoni. Hakikuuma hata kidogo. Kwa kuwa hakikuuma, alijiambia ni mchubuko. Alichokiogopa yeye kilikuwa na jina moja, na kidonda hicho hakikufanana nacho. Alikipaka mafuta ya mgando, na kabla ya Krismasi kikawa kimepona chenyewe pasipo dawa. Siku kilipotoweka alipiga magoti nyuma ya jiko na kumshukuru Mungu. Aliona kama amesamehewa.

Huku ndani Anonciata alikuwa akinyauka. Tumbo lilikuwa limeonekana wazi, na mume halali naye karibu miezi miwili. Mkesha wa Krismasi, watoto wakiwa wameenda kwa bibi yao, alikaa ukingoni mwa kitanda, akauliza bila ukali:

"Baba Mucyo, nimekukosea nini? Kama ni mimba inakuchukiza, sema. Kama kuna mwanamke, sema pia."

"Hakuna mwanamke."

"Basi njoo ulale kwako."

Akaenda. Alijitetea moyoni kwamba hajisikii vibaya, kwamba kidonda kimepona, kwamba akiendelea kukataa atamvunja moyo mama mjamzito. Zote zilikuwa sababu nzuri. Lakini alijua, tangu anapanda kitandani, kwamba alikuwa anampa mkewe kitu asichokijua mwenyewe. Alimaliza, akageukia ukutani, akalala macho. Na siku zilizofuata hakurudi tena sebuleni, maana angesema nini?

Januari ikaleta madoa. Yalianza viganjani, mekundu ya kufifia, hayawashi. Placidius aliyaona wakichanganya simenti.

"Hiyo simenti imekula mikono yako," Placidius alisema. "Paka mafuta ya ng'ombe."

Karekezi alifurahi mno kusikia hivyo. Alipaka samli siku tano. Siku ya sita alivua buti akanawa miguu, akaona madoa yaleyale kwenye nyayo. Alikaa kwenye jiwe, mguu kaupandisha juu ya goti, akatazama. Simenti haikuwa imefika kwenye nyayo zake.

Kesho yake alimwambia Anonciata anafuata kazi Kayanga, akapitiliza. Alitafuta kituo cha afya mbali, ambako hakuna anayemjua kwa sura wala kwa ukoo. Alikaa kwenye benchi na akina mama wenye watoto, kofia imemfunika macho. Muuguzi aliyemwita ndani alikuwa mama wa makamo, Evaresta, mwenye miwani iliyofungwa uzi.

"Shikamoo," Karekezi alisema, ingawa huenda walilingana umri.

"Marahaba. Karibu, baba. Unasumbuliwa na nini?"

Alionyesha viganja. Mama Evaresta aliviangalia, akamwomba avue viatu, akaangalia nyayo pia, na hakuuliza juu ya simenti. Aliuliza lini, na nani, kondomu ilikuwepo au haikuwepo, kidonda kilitokea au hakikutokea. Alikuwa akiandika. Karekezi alijibu kwa sauti iliyozidi kushuka, hadi mama yule akalazimika kuinama ili amsikie. Akatobolewa kidole. Akaambiwa asubiri nje.

Aliyafikiria mengi pale kwenye benchi. Alimfikiria Mucyo akiacha shule. Aliwafikiria watu wa Kihanga, jinsi watakavyosema, "Na Karekezi naye!" na jinsi watakavyopunguza sauti Anonciata akipita. Alifikiria pia, kwa aibu, kamba iliyokuwa kwenye begi lake la zana. Alilisukuma begi chini ya benchi kwa kisigino.

Alipoitwa, mama Evaresta alikuwa na vipimo viwili juu ya karatasi.

"Virusi vya ukimwi huna," alisema. "Imepita karibu miezi mitatu, majibu haya ni ya kuaminika. Utarudia mwezi ujao ili tufunge kabisa."

Karekezi aliinuka. Machozi yalikuwa yanamtoka, na mkono wake tayari ulikuwa kwenye kitasa.

"Kaa, baba. Sijamaliza."

Akakaa.

"Hiki cha pili ni cha kaswende. Hiki ndicho kimesoma. Kile kidonda kisichouma kilikuwa chenyewe, na haya madoa ni hatua yake ya pili. Inatibika kwa sindano, leo hii. Umeoa?"

"Nimeoa."

"Mmekutana tangu hapo?"

Karekezi aliitikia kwa kichwa.

"Yuko hali gani?"

"Ana mimba. Miezi sita na kitu."

Mama Evaresta aliweka kalamu chini. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya koti, akaivaa tena, na Karekezi akaona kwamba mama huyu anatafuta namna ya kusema.

"Huu ugonjwa humfikia mtoto tumboni," akasema. "Wengine huzaliwa wamekufa. Wengine huzaliwa hai wakiwa na madhara. Lakini bado muda upo, mama akitibiwa sasa, mtoto ana nafasi kubwa ya kuwa mzima. Mlete. Mlete wiki hii, baba, usingoje siku ya kliniki."

Alichoma sindano mbili, moja kila upande, na dawa ilikuwa nzito kiasi kwamba Karekezi alihisi kama anaingiziwa uji wa mawe. Kabla hajatoka alipewa karatasi mbili ndogo zilizopigwa mhuri, kila moja ikitaja ugonjwa na kumwomba mwenye kuipokea afike kituo chochote cha afya apimwe na kutibiwa.

"Moja ya mkeo," mama Evaresta alisema. "Na nyingine unajua ya nani."

Alizikunja akazitia mfuko wa shati, zikakaa pale zikimchoma. Kwa kuwa mtu huanza na mzigo mwepesi, kesho yake alikwenda Rubwera.

Kokuhirwa alikuwa anamenya ndizi mlangoni. Alipomwona alitabasamu kidogo, kisha tabasamu likaondoka.

"Fundi. Umekuja kujenga au umekuja kugomba?"

Karekezi alikuwa amepanga maneno ya upole. Yaliyomtoka yalikuwa mengine.

"Lile kopo nyuma ya kioo ni la nini?"

Mwanamke aliendelea kumenya.

"La dawa. Nina mwaka wa saba nameza. Hujawahi kuona kopo?"

"Kwa nini hukuniambia?"

"Uliniuliza?" Alikata ncha ya ndizi, akaitupa kwenye beseni. "Nilikupa kondomu mkononi, waitu, ukaisukuma. Ukasema unaniamini. Nilitaka kusema, nikaona ulivyolewa, nikaogopa utapiga kelele na kesho sina mteja. Hilo ni kosa langu, silikatai. Lakini virusi vyangu vimelala, daktari amenipima mara ngapi sijui, havionekani. Mimi sikuweza kukuambukiza. Najilinda kuliko wewe unavyojilinda."

Miezi mitatu Karekezi alikuwa amemlaani mwanamke huyu kila asubuhi, kwa kitu ambacho hakikutoka kwake. Alitoa karatasi, akampa.

Kokuhirwa aliisoma polepole, midomo ikitembea. Alipofika chini aliweka kisu.

"Kaswende," alisema. Kisha kwa sauti ya ndani zaidi: "Kuna dereva nilikuwa naye, tuliachana mwezi wa nane. Sikuona kitu mwilini."

"Mimi pia sikujua. Ni sindano tu. Inapona."

Mwanamke alikunja karatasi akaitia ndani ya mkanda wa kanga. Magari yalikuwa yanapiga honi stendi.

"Wanaume hawarudi kusema," alisema mwishowe. "Asante kwa kurudi. Mkeo anajua?"

"Bado."

"Mwenye mimba yule uliyenihadithia?"

Kokuhirwa alijishika mashavu kwa mikono yenye utomvu wa ndizi.

"Fundi, nenda nyumbani," alisema. "Unakaa hapa unafanya nini? Nenda."

Akaenda, lakini hakusema siku hiyo. Alhamisi hakusema. Ijumaa alifungua mdomo wakati wa kula, na Anonciata akamwambia mtoto anacheza, aweke mkono, akauweka, akahisi teke dogo chini ya ngozi, na neno likamrudi kooni. Hizo siku tatu ndizo zilizomla baadaye kuliko yote. Alikuwa ameambiwa mtoto yuko hatarini, na bado aliitunza aibu yake kwanza.

Jumamosi asubuhi alimkuta mkewe kibanjani, kwenye shamba lao la migomba, anakata majani makavu ya migomba na kuyatandaza chini. Alisimama nyuma yake.

"Mama Mucyo, acha hiyo kazi kidogo."

Anonciata aligeuka na kisu mkononi. Karekezi akasema yote, akianza na mvua. Hakujipamba, ila alizungumza haraka kama mtu anayevuka maji baridi. Alitoa karatasi ya pili iliyokuwa imechakaa kwa jasho, akainyoosha mbele yake, na mkewe hakuipokea.

"Mtoto?" Anonciata aliuliza.

"Wamesema ukiwahi, anaweza kuwa mzima."

"Ulijua lini?"

"Jumanne."

"Leo ni Jumamosi."

Karekezi aliinamisha kichwa.

"Mimi nilipimwa," Anonciata alisema. "Mwezi wa kumi. Kadi ipo ndani, imeandikwa, kila mtu anaweza kusoma. Nilikuwa safi." Alirudia, "Nilikuwa safi," na mara hii sauti ilipasuka katikati. "Mkesha wa Krismasi nilikuuliza. Nilikuuliza kwa mdomo wangu, nikakubembeleza uje kitandani. Nilikubembeleza unipe ugonjwa."

Alipita ubavuni mwake akaingia ndani. Alitoka baada ya muda mfupi, amevaa gauni la kanisani na kitenge begani, kadi ya kliniki mkononi. Karekezi alitoa baiskeli ili ambebe hadi barabarani. Anonciata alitembea. Alitembea mbele, tumbo limemtangulia, na mumewe alisukuma baiskeli hatua ishirini nyuma yake, na majirani waliowaona walisalimia, nao wakaitikia kila mmoja kwa wakati wake.

Kituo kilikuwa kilekile. Kipimo cha Anonciata nacho kilisoma kaswende. Mama Evaresta alimshika bega alipokuwa anamweleza, na Anonciata alisikiliza akitazama dirishani. Aliuliza swali moja tu, kama mtoto wake atazaliwa akiona. Akaambiwa kwamba dawa inavuka kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto, na kwamba amekuja mapema kuliko wengi. Alichomwa sindano, akatakiwa arudi wiki inayofuata kwa nyingine. Alirudi. Safari hiyo hakumwambia Karekezi anakwenda. Karekezi alimwona tu akichechemea uani jioni.

Februari Karekezi alirudia kipimo chake. Hakuwa na virusi. Alimwambia Anonciata akiwa anachagua mawe kwenye maharage.

"Vizuri," mkewe akasema, akaendelea kuchagua.

Hakumfukuza. Hakuwaita wazee, hakumweleza mama yake, hakubeba sanduku. Karekezi alikuwa amejiandaa kwa yote hayo, hata kwa kupigwa. Hakuwa amejiandaa kwa adabu. Chakula kiliivishwa, shati likafuliwa, watoto wakatumwa kumwita baba yao mezani. Anonciata alihamia chumba cha watoto, akasema tumbo ni kubwa, kitanda hakitoshi. Watoto waliamini. Aliendelea kumjibu kila alichouliza, kwa neno moja au mawili, kama karani wa ofisini.

Mtoto alizaliwa Aprili, mvua za masika zikiwa zimefanya barabara kuwa tope. Alikuwa wa kike, mdogo, mwenye kilo mbili na robo, analia. Walimbakiza na mama yake wodini siku kumi, wakamchoma sindano kila siku kwa tahadhari, na kila siku Karekezi alisimama nje ya dirisha na chupa ya uji, akisikia kilio cha mwanawe sindano inapoingia. Alikijua kilio hicho miongoni mwa vilio vya wodi nzima. Mlangoni walimruhusu kupokea kanga chafu, akazifua mwenyewe bombani kati ya wanawake, na wanawake wakamsifu. Mmoja akamwambia Anonciata, "Una mume wewe!" Anonciata akasema, "Asante."

Jina alilitoa mama peke yake. Alimwita Uwitonze. Kwa lugha yao ni yule aliye mtulivu, anayejitunza, anayekwenda kwa uangalifu. Watu walisema ni jina zuri kwa msichana. Karekezi hulitamka kila siku, na kila akilitamka hulisikia lote.

Mtoto sasa ana mwaka na miezi mitatu. Wamempima mara tatu, na mara ya mwisho damu yake ilikuwa safi kabisa. Anaona, anasikia, ametembea kabla ya wenzake. Mama Evaresta alimbeba juu siku ile, akacheka naye, na Anonciata alicheka pia, kicheko kirefu ambacho Karekezi alikuwa hajakisikia tangu vuli ile. Aliposogea naye acheke pamoja nao, kikakoma.

Bado anajenga. Placidius humletea habari za kazi za mbali, Kyerwa na hata Ngara, kazi kubwa, naye huzikataa, hukubali vibanda na vyoo vya hapa karibu ili jioni arudi. Hakuna aliyemtaka afanye hivyo. Mwezi uliopita alilazimika kulala Bugene siku mbili kumalizia paa la shule. Alifunga begi taratibu, akazunguka uani, akaenda akarudi mlangoni kama aliyesahau kitu. Miaka yote ya ndoa yao, akiondoka, Anonciata alikuwa na swali moja la kumsindikiza: utarudi lini? Karekezi alisimama akilingojea. Anonciata alimfunga mtoto mgongoni, akachukua kisu cha migomba, akamwambia safari njema, akaelekea kibanjani.